Kushoto kwa Papa Idi

Inspekta Josée alitoka kwenye mlango wa depo, ghala la mizigo, akatazama uwanja, akarudi ndani, kisha akatoka tena kwa mwendo uleule. Jordy, polisi aliyemleta kwa pikipiki asubuhi ile, alikuwa ameegemea geti akimtazama na kuanza kuchoka.

"Chef, tuko natafuta nini hapa?"

"Kitu chenye Papa Idi hakutaja."

"Mais alitaja yote. Alisema hakukuwa mutu mwingine."

"Njo hiyo inanisumbua."

Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya maduka ya vipuri, katikati ya Butembo, na ulinuka mafuta na mpira ulioungua. Hapo ndipo Aristote, dereva kijana, alipouawa kwa pigo la chuma kichwani. Bosi wake, Idi, msafirishaji wa Beni anayejulikana na kila kizuizi cha barabara hiyo, alikutwa amelala kando yake, damu ikimtoka kisogoni. Aristote alikufa palepale. Idi alipelekwa kwao Beni, na watu walianza kumlilia kabla hajafa. Hakufa.

Alipoamka, Josée ndiye aliyekaa mbele yake na kumuuliza. Idi alijibu bila kubabaika. Alisema alitoka kwenye depo, Aristote akiwa ametangulia. Uwanjani kulikuwa na mtu mmoja tu, Éliakim, fundi wa kulehemu, amesimama kwenye meza yake na chuma mkononi. Baada ya hapo, giza. Wala hakuwa na chuki na Éliakim. Alisema tu alichokiona.

Kwa maneno hayo Éliakim alikuwa mahabusu, na kesho angepandishwa Beni mbele ya mwendesha mashtaka wa jeshi, ambalo siku hizo za vita ndilo lililohukumu huko. Waliopanda huko kwa kesi ya kuua hawakurudi nyumbani upesi.

Éliakim mwenyewe hakubadilisha neno hata alipoulizwa na kuulizwa tena. "Nilikuwa na ile masque ya kulehemu ku macho. Nilisikia kitu inaanguka. Nikainua masque, nikaona batu babili bako chini. Nikakimbia kubainua, na chuma yangu mu mukono. Batu bakanikuta vile."

"Nani mwingine alikuwa mu parcelle, mu ule uwanja?"

"Kulikuwa mutu anafunga bâche ku camion. Sikumuangalia, mama. Batu banafungaka bâche hapa siku muzima."

Kamanda wake Josée alikuwa amecheka aliposikia habari ya hilo turubai. Lori lilikuwa la Idi. Idi na dereva wake wote wawili walikuwa chini. Sasa nani alikuwa akifunga turubai, malaika?

Josée akasimama tena mlangoni, mgongo wake ukielekea depo, akanyoosha mkono wa kuume. Huko kulikuwa na meza ya Éliakim, rundo la matairi, choo chenye mlango wa bati, na kamba ambayo mlinzi huanikia nguo zake. Idi alivitaja vyote. Alitaja hata kamba.

Akanyoosha mkono wa kushoto. Huko kulikuwa na tangi kubwa la maji lililopakwa rangi ya bluu, basi bovu lisilo na magurudumu ambamo kuku wa mlinzi hutagia, na nafasi ambapo malori hupakia. Kati ya hivyo Idi hakutaja hata kimoja.

"Jordy, ukitoka hapa, unaona nini kwanza?"

"Bus," Jordy akasema mara moja. "Mutu atakosa aje kuona bus?"

"Papa Idi amepakia mizigo hapa miaka mingi. Anakumbuka kamba ya nguo. Bus anaisahau?"

Jordy akakuna shingo. Josée alikuwa ameshaanza kutembea, kutoka mlangoni hadi meza ya Éliakim, kutoka meza hadi mlangoni. Kulikuwa na jambo la pili. Jeraha la Idi lilikuwa nyuma ya kichwa, juu ya sikio la kuume. Éliakim alikuwa mbele yake. Kamanda alisema labda Idi aligeuka ili akimbie. Huenda. Lakini Idi mwenyewe hakusema aligeuka.

"Washa moto," akasema. "Tunaenda Beni."

"Leo? Chef, mvua iko nakuja."

"Basi tuitangulie."

Mvua iliwakuta Maboya, ikawaacha, ikawakuta tena kabla ya kufika. Kwenye kila kizuizi Josée alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri, akaonyesha kitambulisho, akapanda tena. Kamanda alipiga simu wakiwa wamesimamishwa na askari aliyekuwa akila hindi la kuchoma.

"Josée, uko wapi? Dosie inapanda kesho. Nataka signature yako."

"Niko barabarani, Commandant."

"Barabara ya wapi tena?"

Josée akakata. Alikuwa mtu wa Kananga, ametumwa Kivu na serikali, na katika muda aliokaa Butembo alikuwa amejifunza kwamba simu hapa hukatika yenyewe mara nyingi, hivyo hakuna anayeuliza sana.

Kwenye uwanja wa hospitali kulikuwa na gari lenye milango iliyo wazi, na godoro limetandikwa nyuma. Hadidja, mke wa Idi, alikuwa kwenye veranda akikunja nguo na kuzipanga ndani ya beseni.

"Mama Hadidja. Munaenda wapi?"

"Ngambo, Uganda, kupitia Kasindi. Fadhili amepata munganga kule." Alisema kama mtu anayerudia somo. "Hapa banasema anapona, mais mi sioni. Ananiita muchoyo. Kila siku. Tangu tuoane hajawahi kuniita vile."

Fadhili alikuwa mdogo wake Hadidja, tumbo moja. Josée alimfahamu: kijana nadhifu aliyenunua kakao na kuipakia katika lori la shemeji yake. Siku ya mauaji, alisema, alikuwa Beni tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza mara mbili, kwa kuwa Idi alikuwa amekwisha kutaja mtu wake.

Josée akaingia chumbani bila kungoja.

Idi alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, uso wake umejaa afya. Ila ndevu zilikuwa zimenyolewa upande wa kuume tu. Shavu la kushoto lilikuwa na mvi za siku nyingi. Mapajani alishika sahani.

"Mama Inspekta! Karibu. Kuja uwe shahidi. Ona vile bibi yangu ananilisha. Kamulo kadogo kama ka ndege."

Josée akatazama sahani. Nusu ya kuume ilikuwa tupu, imefutwa safi kwa kidole. Nusu ya kushoto ilikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo na kipande kizima cha samaki. Hadidja, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuza uso.

"Papa, hiyo ingine hutaki?"

"Ingine gani?"

Josée akashika sahani, akaizungusha taratibu mpaka chakula kikahamia kuume.

"Aa!" Idi akafurahi. "Sasa wameleta. Aksanti, mama." Akaanza kula.

Hapo ndipo sauti ilipotoka upande wa dirisha, kushoto kwa kitanda. "Shemeji, Inspekta amekuja tena juu ya ile mambo ya Butembo. Mais leo tuna haraka."

Alikuwa Fadhili. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, karibu kiasi cha kumgusa mgonjwa. Idi aliinua uso kutoka kwenye sahani, akamtazama Josée aliyekuwa kuume, akamjibu yeye.

"Ndiyo, mama, mambo ya Butembo. Unataka haraka ya nini? Kaa."

"Si mimi nimesema haraka," Josée akasema.

"Nani basi?"

Hakugeuka. Josée akamtazama Fadhili, na Fadhili akatabasamu kwa huzuni, akagusa kichwa chake kwa kidole. "Amekuwa vile, mama. Kichwa imeharibika. Anasema tu ovyo. Njo maana tunamupeleka."

"Alipomtaja Éliakim hakuwa anasema ovyo?"

Tabasamu halikuondoka, ila jibu lilichelewa kidogo. "Ile siku alikuwa bado muzuri."

Josée akatoka. Alimkuta Daktari Jokébed kwenye korido, mwanamke mfupi aliyevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu ya baridi ya mvua, akimfokea mtu kwa simu kuhusu mafuta ya jenereta.

"Docta, kichwa cha Idi kimeharibika?"

"Nani amesema?" Akakata simu. "Idi ameumia pahali moja. Si kichwa yote. Ungeambiwa camion imepasuka tairi, ungesema camion imekufa?"

"Nieleze. Polepole, mi si munganga."

Daktari akamvuta pembeni, akaweka kiganja juu ya sikio lake mwenyewe la kushoto. "Hapa, upande huu, kwa watu wengi ndiko maneno yanakaa. Kwa Idi pako salama. Umesikia anavyosema vizuri, hata matusi." Akahamisha kiganja kisogoni, chini. "Huku nyuma ndiko macho yanaleta habari zao. Nimepima. Anaona." Akagusa paji la uso. "Hapa mbele, kupanga, kuamua, kujizuia. Pako vizuri." Kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio la kuume. "Alipigwa hapa. Sehemu hii kazi yake ni kukuambia kuna nini kukuzunguka, na zaidi upande wa kushoto. Imeumia. Donc kwake yeye kushoto hakupo tena."

"Anaona giza?"

"Hapana. Wee unaona giza nyuma ya kichwa chako sasa hivi?"

Josée akafikiri. "Sioni kitu."

"Na haikusumbui. Hujui hata kama unakosa kitu. Yeye vilevile. Macho yanaleta mambo ya kushoto, lakini hakuna wa kuyapokea. Nikimpa kamba ashike katikati, anashika karibu ya ncha ya kuume, na anaapa ni katikati. Ananyoa nusu ya ndevu. Anakula nusu ya sahani. Ukimwita kutoka kushoto, anamjibu mtu wa kuume."

Josée alikuwa ameanza kutembea tena, hatua chache huku, hatua chache kule, viatu vyake vikiacha maji sakafuni. "Na vitu vyenye aliona mbele apigwe? Kabla ya ile jeraha?"

"Kumbukumbu zinawekwa kwingine, ndani zaidi. Zile hazikuguswa."

"Mais alinieleza ule uwanja, akataja upande moja tu. Bus nzima aliiacha."

"Alikuwa anaelezaje? Kama mtu amesimama wapi?"

"Ku mulango ya depo. Nilimwambia: papa, unatoka ku mulango, unaona nini."

"Aaa." Daktari akashusha mkono. "Basi alirudi kule kwa mawazo, akatazama. Na kutazama kwa mawazo kunatumia sehemu ileile. Alipiga picha ya uwanja akilini, na kushoto ya picha haikuwepo."

"Imefutika?"

"Haikufutika. Iko. Haifikii tu."

Josée akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusimama bila sababu ya mlango au kizuizi.

"Na nikimugeuza?"

"Ukimgeuza kitandani, kushoto inageuka naye."

"Si kitandani. Kwa mawazo. Asimame ku geti ya barabara, atazame depo. Ile bus itakuwa upande gani?"

Daktari Jokébed akamtazama kwa namna mpya. "Kuume," akasema. "Tulisoma hivyo. Kuna wanganga huko mbali walifanya ile kitu, wakawauliza wagonjwa juu ya kiwanja cha mji wao. Kwanza wasimame huku, kisha wasimame kule. Walitaja majumba ambayo dakika iliyopita hawakuyataja kabisa."

"Nani mwingine anajua ugonjwa huu? Umeeleza nani?"

"Mke wake, lakini wiki ile alikuwa analia, sidhani kama maneno yalimwingia. Aliyeelewa ni shemeji yake. Aliniuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wangu. Aliuliza kama kushoto itarudi."

"Itarudi?"

"Kwa wengi inarudi, polepole. Ya Idi imeanza. Nilimwambia juzi. Jana akaja kuomba ruhusa ya kumtoa." Daktari akasema lililokuwa likimkera: "Kuna kitu kingine. Watu wa mgonjwa kama huyu, wote, baada ya siku chache wanahamia kuume. Hakuna anayetaka kukaa mahali mgonjwa wake hamuoni. Hawajui sababu, wanahama tu. Hadidja alihama. Batoto walihama. Yule kijana peke yake hakuhama."

Jordy, aliyekuwa akisikiliza akiwa ameshika kofia yake ya kuendeshea pikipiki, akanong'ona, "Chef, tumuulize tu: Fadhili alikuwa pale, ndiyo ao hapana?"

"Hapana. Hilo jina likitoka mu kinywa yangu, ni langu. Tribunal itasema nilimuwekea ku ulimi." Akamgeukia daktari. "Utakuja kusikia? Nataka macho mengine, mbali na yetu."

"Nitakuja."

"Jordy, wee baki ku mulango. Mutu asitoke."

Chumbani, Fadhili alikuwa amesimama, begi begani. "Mama Inspekta, gari inangoja. Barabara ya Kasindi hapana ya kupita jioni. Utatuuliza siku ingine."

"Nina maulizo kidogo tu."

"Amechoka."

"Acha aulize," Hadidja akasema kutoka mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alikuwa dada mkubwa, na Fadhili akarudi kukaa. Akakaa kushoto.

Josée akavuta kiti kuume. "Papa Idi, funga macho. Turudi Butembo. Uko ku mulango ya depo, unatoka inje. Niambie unaona nini."

Idi akafumba macho bila shida. "Naona meza ya Éliakim. Moto inaruka. Naona bipira. Naona choo. Ile kamba ya nguo ya sentinelle. Naona geti kule mbele, na Aristote anaenda."

"Tena?"

"Njo yote."

"Batu?"

"Éliakim. Na Aristote. Nilikuambia, mama."

Fadhili akapumua. Josée akakiinamia kitanda kidogo.

"Muzuri. Sasa, papa, endelea kutembea. Vuka uwanja. Fika mpaka ku geti, ku barabara. Umefika?"

"Nimefika."

"Geuka. Barabara iko mu mugongo yako. Unaangalia depo. Ni ileile siku, saa ileile. Unaona nini?"

Mvua ilianza kupiga bati. Idi alikunja uso kama mtu anayetafuta jina. Kisha mikunjo ikafunguka.

"Naona depo. Naona ile tangi ya bleu." Akatabasamu. "Na ile bus ya zamani! Sentinelle anafugaka kuku mule. Siku moja kuku moja iliniuma mukono. Naona camion yangu. Tumeshapakia."

Hadidja alikuwa akikunja kitenge. Mikono yake ikasimama.

"Endelea, papa."

"Bâche haijakazwa vizuri nyuma. Nimemwambia, kaza nyuma, mvua itaingia mu cacao. Anakaza na ile chuma ya kukazia kamba."

"Umemwambia nani?"

"Fadhili," Idi akasema, kama vile swali lenyewe lilikuwa la kitoto. "Fadhili ako pale ku camion. Amekasirika kidogo. Aristote amesema atanieleza kitu njiani juu ya ile cacao, pahali inatoka. Fadhili amesikia, amenyamaza."

Daktari Jokébed aliweka mkono kinywani. Josée hakumtazama Fadhili. Alikuwa na swali moja zaidi, na hilo lilikuwa la Éliakim.

"Na Éliakim, papa, ako wapi?"

Idi akatafuta kwa macho yaliyofumbwa. "Éliakim? Simuoni. Labda ameenda kula."

Daktari akatikisa kichwa polepole. Fundi aliyekuwa ameshika chuma, meza yake, moto wake, vyote vilikuwa vimehamia kushoto, na vimepotea. Idi hakuwa amesema uongo mara ya kwanza. Hakuwa akisema uongo sasa. Neno lake "hakukuwa mtu mwingine" halikuwahi kuwa ushahidi wa chochote.

Fadhili aliinuka kwa nguvu hata kiti kikaanguka. "Hiyo ni kitu gani? Docta, wee mwenyewe unajua kichwa yake! Anaota! Batamufunga mutu juu ya ndoto ya mugonjwa?" Akazunguka miguu ya kitanda, akampita Josée, akamshika Idi mkono wa kuume. "Shemeji, niangalie. Niangalie! Mi nilikuwa Beni. Baambie. Nilikuwa hapa Beni."

Idi akafumbua macho. Uso wake wote, hata lile shavu lenye mvi, ukachanua.

"Fadhili! Wee kijana! Umetoka wapi?" Akamvuta karibu, akamshika bega. "Siku zote hizi unanikimbia? Tangu nikuache pale ku camion sijakuona. Hadidja! Ona, mudogo wako amefika. Mupatie chai."

Hadidja alikuwa bado ameshika kitenge. Kwa wiki hizi zote alikuwa akimwona mdogo wake akija kila asubuhi na chupa ya chai, akikaa pale dirishani mpaka jioni. Alikuwa akimwombea dua kwa ajili ya uaminifu wake.

"Ulikuwa Butembo?" akamuuliza.

"Yaya, dada yangu, sikiliza."

"Uliniapia. Nilikuuliza mu nyumba yangu, ukaniapia. Ulikuwa Butembo?"

Fadhili akajaribu kuutoa mkono wake, lakini Idi alikuwa ameushika kwa furaha na hakuuachia. Kijana akasimama hivyo, nusu ameinama, kama mtu aliyenaswa na mti.

"Ile cacao ilikuwa ya batu ba mashamba, bale bamekimbia vita," akasema hatimaye, akimwambia dada yake peke yake. "Bamekimbia, yaya. Hakuna wa kuichuma. Aristote aliona magunia, akajua. Alisema ataambia shemeji, na shemeji angeniambia nirudishe, angenipeleka kwa wenyewe mbele ya batu bote. Unamujua."

"Namujua."

"Mi sikutaka shemeji afe. Nilimupiga yeye wa kwanza ili asione." Sauti ikamkatika. "Juu asinione tu."

Jordy aliingia, akamvisha pingu mkono mmoja. Ule mwingine alingoja mpaka Josée alipovifungua vidole vya Idi kimoja kimoja. Josée alijua hayo maneno ya kitandani hayangetosha. Kesho mapema angeanza kuwatafuta watu waliomwona Fadhili akitoka Beni, akiingia Butembo, akirudi. Kile chuma cha kukazia kamba pia kilikuwa mahali fulani. Lakini sasa alijua upande wa kutafuta.

"Banamupeleka wapi?" Idi akauliza. Alikuwa akimfuata Fadhili kwa macho mpaka Fadhili alipopita kuelekea kushoto, na hapo macho yakabaki hewani. "Mama Inspekta, yule ametoka kufika. Hata chai hajakunywa."

Josée akafungua mdomo. Kazi yake ilikuwa imemfundisha maneno ya kusema kwa wafiwa, kwa wake, kwa akina mama.

"Acha, mama," Hadidja akasema. "Mi ntamwambia."

Akaweka kitenge ndani ya beseni. Akavuta kile kiti cha Josée, akakaa kuume, akakishika kichwa cha mumewe kwa viganja vyote viwili.

Kwenye korido Josée akampigia kamanda. Alijibiwa upesi.

"Signature?"

"Éliakim hapandi, Commandant. Mutoeni kule chini, mumupatie maji ya kuoga. Ninakuja na mutu mwingine."

"Mutu gani tena? Josée! Una ushahidi gani?"

Josée alikuwa ameondoa simu sikioni, kwa sababu nyuma yake, mlango ukiwa wazi, minong'ono ya Hadidja ilikuwa imekoma. Kisha sauti ya Idi, ya mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

"Fadhili?"

Mvua.

"Fadhili gani? Fadhili wetu?"

"Ndiyo, baba," Hadidja akasema. "Wetu."